Mikono ya Mwanafunzi

Mwishoni mwa Septemba 1976 chupa ya temosi ilipelekwa kwa ndege ya abiria kutoka Kinshasa hata Antwerpen, Ubelgiji. Ndani yake mlikuwa na vichupa viwili vya damu ya mtawa aliyeugua katika misioni ya Yambuku. Kimoja kilikuwa kimevunjika. Wataalamu wa Antwerpen waliifungua wakiwa na glavu tu, bila kinga nyingine. Hawakujua kwamba wameshika ugonjwa ambao mwaka ule uliwaua watu 280 kati ya 318 walioupata. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyowaonyesha kirusi kirefu kama mnyoo, nacho kikaitwa Ebola. Wao walisalimika, lakini bahati si mwalimu wa kufuatwa.

Twayakumbusha hayo kwa ajili ya vijana wetu watakaojifunza kazi ya hadubini hiyo. Wengi huogopa mashine yenyewe, kwa kuwa umeme wake hufikia volti 100,000 na zaidi. Umeme huo umefungiwa. Asiyegusa vifuniko yu salama. Hatari kubwa i mezani, pale vitu vya kutazamwa vinapotayarishwa.

Kwanza, kitu chenye ugonjwa kiuliwe vijidudu kabla ya kufikishwa kwenye mashine.

Pili, tetroksidi ya osmiamu, dawa ya kuimarisha vipande hivyo, hutoa mvuke uwezao kuharibu macho. Ifunguliwe tu ndani ya kabati lenye kufyonza hewa.

Tatu, nitrojeni ya maji ina baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Lita moja hugeuka lita 700 hivi za gesi isiyo na harufu, nayo huisukuma nje hewa tunayovuta. Mtu huanguka bila kuonywa. Isimiminwe katika chumba kilichofungwa, wala mtu asiishughulikie peke yake.

Nne, glavu iliyoshika dawa isishike kitasa cha mlango, maana atakayekuja nyuma hana habari.

Nanyi wazazi, msimcheke mtoto asemaye, “Sijui, nionyesheni.” Mwanafunzi aonaye haya kuuliza hujidhuru mwenyewe, tena huwadhuru wenzake. Kuuliza si ujinga.