Kabla ya kiti, pimeni meza

Ndugu mwandishi, umeandika vizuri ila hapo kwenye ushauri wa kiti cha kuzunguka ofisini umeruka jambo. Huku kwetu, Iringa hadi Mbeya, meza nyingi za ofisi zimechongwa na mafundi wa mtaani kwa mbao za paini, na karibu zote zina kimo kilekile, sentimita 75 hivi. Mrefu anaimudu. Mimi ni mfupi, nipo masjala, nikichapa mabega yananipanda hadi masikioni na jioni shingo haigeuki. Nikapandisha kiti viwiko vilingane na kibodi, miguu ikaning'inia na ukingo wa kiti ukanibana mapaja. Kukata miguu ya meza? Ina namba ya mali kwa rangi nyeupe, mtu wa ugavi hataki hata kusikia! Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, akanigongea kijukwaa cha mabaki ya mbao, nakanyagia hapo, shingo imetulia.

Na wewe mdau hapo juu unayesema haya ya kukaa vizuri kazini ni mambo ya wazungu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ni yetu wenyewe Watanzania, na haihusu viwanda tu. Halafu mbona hakuna aliyetaja baridi? Mwezi wa saba vidole vinakufa ganzi, kila mtu anagombea dirisha lenye jua. Kaeni ubavu nalo jamani, ukilipa mgongo skrini inameremeta huoni kitu. Wenye laptopu, iinueni kwa rimu za karatasi, ila kibodi ya pembeni lazima.