Dawa ya maji ya mtoto ipimwe tangu kwenye pipa

Dawa nyingi za maji za watoto, ziwe za kikohozi, mafua au homa, huwa na glisirini au propilini glaikoli. Viungo hivi havitibu ugonjwa. Kazi yake ni kuyeyusha dawa na kuifanya iwe nzito kidogo, na glisirini huongeza utamu ili mtoto aimeze. Vikiwa safi, vya kiwango cha dawa, havina madhara kwa kiasi kinachowekwa.

Hatari inatokana na kinachofanana navyo. Daiethilini glaikoli ni kiyeyushi cha viwandani kinachotumika kwenye mafuta ya breki, wino na utengenezaji wa plastiki. Haina rangi, ni nzito na ni tamu. Kwa macho huwezi kuitofautisha na glisirini. Tena ni ya bei nafuu. Hapo ndipo mfanyabiashara asiye mwaminifu hubandika lebo ya glisirini kwenye pipa la sumu, na pipa hilo likapita mikono kadhaa kabla ya kufika kwenye kiwanda cha dawa.

Ikishaingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu figo. Mtoto huanza kwa kutapika, kuumwa tumbo au kuharisha, dalili ambazo mzazi anaweza kudhani ni za ugonjwa ule ule anaoutibu. Baadaye mkojo hupungua, kisha hukatika kabisa.

Janga hili si geni. Mwaka 1937 nchini Marekani, dawa ya maji iliyoyeyushwa kwa kemikali hii iliua zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikatunga sheria ya kulazimisha dawa mpya kuthibitishwa usalama kabla ya kuuzwa. Hata hivyo, mwaka 2006 watu walikufa Panama, mwaka 2008 watoto wakafa Nigeria, na mwaka 2022 watoto wapatao 70 wakapoteza maisha Gambia, huku Indonesia ikipoteza zaidi ya 200.

Aprili 2024 tahadhari ilifika kwetu. Baada ya maabara ya Nigeria kutangaza kuikuta kemikali hiyo kwenye toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Kenya, Tanzania na Rwanda ziliagiza toleo hilo liondolewe sokoni. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuiona. Hatua hiyo ya tahadhari ilikuwa sahihi, lakini dawa huondolewa sokoni ikiwa tayari imeshauzwa.

Ndiyo maana tunasema kinga ianzie kwenye pipa. Kila pipa la glisirini na propilini glaikoli lipimwe kabla ya kutumika, si pipa moja kwa niaba ya mzigo mzima. Kiwango cha sumu hiyo hakipaswi kuzidi asilimia 0.10, na kipo kipimo cha awali kisichohitaji mashine za gharama kubwa. Kiwanda kisichoweza kuonyesha majibu ya vipimo hivyo kisiruhusiwe kuuza dawa, kiwe cha ndani au cha nje.

Mzazi naye ana la kufanya. Nunua dawa kwenye duka lililosajiliwa, kagua jina la mtengenezaji na namba ya toleo, na usitupe chupa hadi mtoto apone. Usimpe mtoto mdogo dawa ya kikohozi bila ushauri wa mtaalamu, maana kikohozi kingi cha mafua hupona chenyewe. Aliyevuka mwaka mmoja anaweza kutulizwa kwa asali.

Zaidi ya yote, mtoto anayetumia dawa ya maji akianza kutapika na kukosa mkojo, usisubiri kuche. Mwahishe hospitali, na chupa uende nayo. Akiwahi, anaweza kupewa dawa ya kuzuia sumu au kusafishwa damu kwa mashine.