Shukrani Pekee Hazitoshi

Miongoni mwa barua zinazofika mezani petu zipo chache ambazo hazina malalamiko. Ni za wananchi wanaoomba nafasi gazetini kuwashukuru madaktari, wauguzi na wahudumu wa wodi waliomtunza babu au bibi yao hadi pumzi ya mwisho. Mgonjwa hakupona, na hata hivyo jamaa wanashukuru.

Jambo hilo linastahili kufikiriwa. Watu wetu wakishazika na kusoma hitima husahau mengi, lakini hawamsahau muuguzi aliyemgeuza mzee wao ubavu ili asipate vidonda, aliyemlowesha midomo kwa pamba alipokuwa hawezi tena kumeza, na aliyewaruhusu wanawe kuingia wodini nje ya saa za kutazama wagonjwa, wamsomee Yasin na kumlakinia shahada. Hakuna katika hayo lililohitaji mtambo wa thamani kubwa. Yalihitaji mikono, muda na utu.

Kwa niaba ya wasomaji wetu wa Unguja na Pemba tunawapa wafanyakazi hao asante ya dhati. Mwenye kuwatukana na kuwatishia kwa sababu tu ajali ya mgonjwa wake imefika, huyo analipa fadhila za punda.

Lakini wajibu wetu hauishii kwenye pongezi. Wema wa mtu mmoja hauwezi kushika nafasi ya mpango wa Serikali. Ikiwa mzee hufa kwa utulivu kwa kuwa tu ameangukia zamu ya muuguzi mwema, basi huduma imegeuka bahati nasibu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar ilitangaza matibabu bila malipo. Msingi wa uamuzi ule ulikuwa kwamba afya ni haki ya mwananchi, wala si hisani. Sisi tunasema haki hiyo haikomi pale daktari anapotambua kwamba maradhi hayaponi. Kutuliza maumivu nako ni kutibu. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliyahimiza mataifa wanachama kuiingiza huduma hiyo, iitwayo tiba shufaa, katika mipango yao ya afya.

Watakaosema kuwa hiyo ni anasa ya matajiri na watazame Uganda. Tangu 1993 wagonjwa wa saratani huko wamekuwa wakipewa mofini ya maji, dawa inayopatikana kwa kuchanganya poda yake na maji, ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani. Mwaka 2004 kanuni zikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo wenyewe bila ya kumngojea daktari.

Somo hilo linatufaa sisi tuliozungukwa na bahari. Tumbatu, Fundo na Makoongwe hufikiwa kwa chombo. Kumpakia mzee mwenye maumivu katika mashua, kisha gari, na pengine meli ya kutoka Mkoani hadi Unguja, ili akafie mbali na watu wake, ni kumzidishia taabu. Muuguzi aliyefunzwa, mwenye dawa mkobani, akimfuata mgonjwa kwake, atakuwa amemfaa zaidi.

Wapo wanaoihofia dawa hii kwa kuwa asili yake ni afyuni, na visiwa vyetu vimeshaonja msiba wa dawa za kulevya. Hofu hiyo haipuuzwi. Lakini kinga yake ni kufuli, daftari na ukaguzi, si kumwacha mgonjwa akigugumia usiku kucha.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya mambo matatu. Kwanza, utunzaji wa mgonjwa asiyepona ufundishwe kwa kila muuguzi, na uhesabiwe kuwa kazi katika kupanga zamu na idadi ya wafanyakazi. Pili, dawa za maumivu makali zipatikane Pemba kama Unguja, na katika visiwa vidogo pia. Tatu, kila wodi iwe na pazia na kiti kwa ajili ya jamaa wa anayekata roho, maana sitara ya mgonjwa haina gharama ya kuishinda bajeti.

Wananchi nao wasikae kuitazama Serikali tu. Wafike hospitali kwa zamu, si kwa makundi, wayafuate maelekezo, wala wasimtelekeze mzee wodini wakidhani kazi yote ni ya muuguzi.

Kitanda kile hakichagui kati ya mvuvi na mkurugenzi. Barua za shukrani tutaendelea kuzichapisha, lakini tungependa ziandikwe na watu wa kila kisiwa, siyo na wale waliobahatika peke yao.