Jicho Lililofichwa Chini ya Kioo

Pana ushindani miongoni mwa watengenezaji wa simu, nao ni ushindani wa kuficha. Kinachofichwa ni kamera ya mbele, ile inayomtazama mwenye simu. Mimi nasema kwamba ushindani huo umepotoka, na sababu zangu nitazieleza moja baada ya nyingine. Msomaji asidhani kwamba haya ni manung'uniko ya mzee aliyechoshwa na mambo mapya. Nilifundisha sayansi kwa miaka mingi kabla na baada ya kupewa uongozi wa shule, na sijapata kukiogopa chombo kwa sababu ya upya wake. Ninachokipinga ni chombo kuharibiwa kazi yake ili kipendeze dukani.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Zamani simu ilikuwa na nafasi pana juu ya kioo, na kamera ilikaa hapo bila kumsumbua mtu. Kisha wenye viwanda wakaamua kwamba kioo lazima kienee uso mzima wa simu. Mwaka 2017 ikatoka iPhone X yenye pengo jeusi juu ya kioo chake. Mwaka 2018 Vivo NEX na Oppo Find X zikaleta kamera inayochomozwa kwa mota, mithili ya kobe atoaye kichwa. Mwishoni mwa mwaka huo huo Samsung ikatoa Galaxy A8s yenye tundu dogo la duara ndani ya kioo. Lakini hata tundu hilo likahesabiwa kuwa ni kilema. Mwaka 2020 kampuni ya ZTE ya China ikaleta Axon 20, simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na kamera iliyolazwa chini ya kioo kabisa. Mwaka uliofuata zikaja Mix 4 ya Xiaomi na Galaxy Z Fold3 ya Samsung.

Sasa tuitazame kazi waliyojitwika wahandisi. Vioo vya simu hizo ni vya oledi, yaani kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe. Mwanga unaokwenda kwenye kamera hauna budi kupenya katikati ya nukta hizo, nyaya zake, na utando mwembamba wa metali uliotandazwa juu yake. Kwa hiyo nukta za mahali hapo hufanywa chache au hupunguzwa ukubwa. Nyaya hutengenezwa kwa vitu vinavyopitisha mwanga. Utando wa metali hufunguliwa vijitundu. Samsung ilifika hadi ya kuuondoa utando mwingine wa plastiki ambao hukata mng'ao wa nje, ili mwanga zaidi upite. Ni ustadi mkubwa, na mafundi waliofanya hayo nawavulia kofia.

Lakini ustadi haubadilishi tabia ya mwanga. Mwanga unaopita katika vijitundu vyembamba vilivyopangwa safu kwa safu hupinda na kutawanyika. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia wafungue mwavuli usiku na kuitazama taa ya mbali kupitia kitambaa chake: wataiona imeota miali kama msalaba. Hakuna anayelaumu taa wala macho. Ni kitambaa kilichosimama katikati. Kamera iliyo chini ya kioo inatazama ulimwengu kupitia kitambaa kama hicho siku zote. Picha hutoka na ukungu, kisha programu hupewa kazi ya kuisafisha kwa kukadiria uso wa mtu ungepaswa kuonekana namna gani. Aidha, nukta zile chache zilizo juu ya kamera hulazimishwa kuwaka kwa nguvu zaidi ili zilingane na jirani zake, na kinacholazimishwa kuwaka zaidi huchakaa mapema.

Ushahidi wameutoa wenyewe. Katika Galaxy Z Fold3, kamera ya kioo cha nje, iliyokaa kwenye tundu la wazi, ilikuwa ya megapikseli 10. Ile iliyofichwa chini ya kioo cha ndani ilikuwa ya megapikseli 4. Najua kwamba hesabu hiyo si kipimo pekee cha kamera, lakini simu hiyo iliingia sokoni Marekani kwa dola 1,800 hivi! Samsung iliendelea hivyo katika Fold4, Fold5 na Fold6. Julai 2025, ilipozindua Fold7, iliirudisha kamera ya ndani kwenye tundu, ikaipa megapikseli 10. Miaka minne ya kuficha ikaishia pale pale ilipoanzia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hasara ya mwanga, tena, haituangukii sote sawasawa. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe. Mjukuu wangu yuko masomoni ng'ambo, nasi huongea jioni, mimi nikiwa sebuleni chini ya taa moja. Hata kwa kamera ya kawaida, mara kwa mara huniambia, "Babu, hebu sogea karibu na taa, sikuoni vizuri." Kwa miaka mingi Kodak ilipimia rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley, na watu weusi wakatoka kwenye picha kama vivuli. Ni mwaka 2021 tu ambapo Google, katika simu ya Pixel 6, ilitangaza kazi maalumu ya kuzionyesha ngozi nyeusi kwa haki. Baada ya safari ndefu namna hiyo, kuichukua kamera na kuifunika pazia ni kuturudisha gizani kwa sababu ya urembo.

Wapo watakaonijibu kwamba kamera chini ya kioo huwawezesha wanaozungumza kutazamana machoni. Hoja hiyo ina maana, na watafiti wa Microsoft waliieleza mwaka 2020 kuhusu vioo vikubwa vya mikutano. Lakini manufaa hayo yanataka kamera iwe nyuma ya mahali uso wa mwenzako unapoonekana. Kwenye simu nilizozitaja, kamera imeachwa juu kule kule ilikokuwa. Wamechukua hasara yote, faida wameiacha.

Hoja yangu ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Anayetazamwa ana haki ya kujua jicho lililopo. Mwaka 2016 ilionekana picha ya kompyuta ya Mark Zuckerberg, mwenye Facebook, ikiwa imebandikwa utepe juu ya kamera. Ikiwa yeye aliona haja ya utepe, sisi je? Lakini utepe hubandikwa mahali panapoonekana. Wataniambia kwamba siku hizi kuna nukta ya kijani inayowaka kamera ikifanya kazi. iPhone ziliipata mwaka 2020, na simu za Android mwaka 2021. Ni jambo jema. Hata hivyo nukta hiyo ni kazi ya programu, na programu hutii aliyeiandika. Tundu halimtii mtu. Lipo, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulinyooshea kidole.

Kwa hiyo ndugu msomaji, utakapoonyeshwa simu yenye kioo kisicho na doa, usitazame kioo. Mwombe muuzaji akupige picha kwa kamera ya mbele, ndani ya duka, mbali na mlango. Kisha mwombe akuonyeshe kamera hiyo iko wapi. Akisitasita kwa lolote kati ya hayo mawili, mrudishie simu yake.