Gereza bila mfungwa, na meli ya kwetu

Gereza la kisiwa cha Changuu, karibu na Unguja, halikuwahi kupata mfungwa. Lloyd Mathews, waziri wa Sultani wa Zanzibar, alilijenga miaka ya 1890, na kabla halijatumika kisiwa kikageuzwa karantini ya abiria wa melini, kwa hofu ya homa ya manjano. Watu wanapiga picha kwenye zile kuta wakijifanya wamefungwa, basi tu!

Sisi wa Kibiti tuna sababu nyingine ya kuvuka hadi huko. Kwenye kisiwa jirani, Chapwani, wamezikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyopigwa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Iliyoipiga ni manowari Königsberg ya Wajerumani, ile ile iliyokuja kujificha kwenye mikoko ya delta yetu ya Rufiji mpaka ikaangamizwa Julai 1915. Mizinga yake iling'olewa, ikaburutwa kwenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Bodi la meli lenyewe likamezwa na tope la Rufiji.

Waongoza watalii wa Unguja, mkifika Chapwani, tafadhali itajeni na Rufiji.