Uwezo wa Kumeza Si Kipimo cha Kulisha

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa wafugaji wa nyoka: kwamba nyoka apewe windo kubwa kadiri mdomo wake unavyoweza kulimudu. Wanaoishikilia husema taya za nyoka hufyatuka, kwa hiyo hakuna panya asiyemezeka. Husema mlo mmoja mkubwa humpunguzia mwenye nyoka kazi ya kulisha kila mara. Husema pia kwamba nyoka anayeshindiliwa hukua upesi, na kukua upesi ndiyo afya. Nasema bila kuuma maneno: imani hii ni potofu, inatesa wanyama, na wengine inawaua. Anayeumia sana ni nyoka mpole ambaye wafugaji wengi huanza naye, nyoka wa mahindi.

Nyoka huyu, Pantherophis guttatus kwa jina la kisayansi, ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia New Jersey kushuka hadi Florida na kuelekea magharibi mpaka Louisiana. Hana sumu, huua kwa kujiviringisha na kubana. Hupenda misitu, mashamba yaliyoachwa na maghala ya nafaka, mahali panya wanapojaa. Rangi yake ya machungwa yenye mabaka mekundu, pamoja na upole wake, vimemfanya afugwe mbali na kwao. Msomaji wa Kiswahili aliyeko Leicester au Minneapolis anaweza kumkuta dukani, na mtoto akamng'ang'ania mpaka anunuliwe. Ndiyo maana jambo hili linatuhusu: mnyama akishaingia nyumbani, mlo wake ni dhamana ya mwenye nyumba.

Tuanze na taya, maana ndizo nguzo ya upotofu wote. Taya za nyoka hazifyatuki. Nusu mbili za taya ya chini hazikuungana kidevuni kama za kwetu. Zimeshikwa na kano inayovutika. Kwa nyuma, taya imening'inia kwenye mfupa unaocheza, nao umeshikamana na fuvu. Kwa mpangilio huo mdomo hupanuka kwenda chini na pembeni, na kila upande hujongea peke yake: wa kushoto ukishika, wa kulia unasogea mbele, kisha zamu inabadilika. Nyoka hutembeza kichwa chake juu ya windo hatua kwa hatua mpaka limalizike. Ni ufundi wa ajabu, lakini una mpaka. Kano zina kikomo cha kuvutika, na ngozi nayo ina chake.

Hata pale mdomo unaporuhusu, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Meno ya nyoka hushika, hayatafuni. Panya huingia mzima, na mifupa yake, na manyoya yake, na utumbo wake uliojaa vijidudu. Asidi ya tumbo inapaswa kumyeyusha kutoka nje kuelekea ndani. Windo likiwa nene, asidi huchelewa kufika katikati, na vile vijidudu havingoji. Huwa ni mashindano baina ya kumeng'enya na kuoza. Nyoka hazalishi joto lake mwenyewe; hutegemea joto la mahali alipo. Upande wa joto wa kizimba chake ukiwa na nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, tumbo hufanya kazi vizuri. Ukiwa na nyuzi 22, panya mkubwa huoza kabla hajayeyuka.

Kuoza kukishinda, nyoka hutapika. Wapo wanaolichukulia jambo hili kama kero ya kusafisha uchafu tu. Huko ni kutojua. Nyoka anapotapika hupoteza maji, asidi na vijidudu vyema vinavyosaidia utumbo, na koo lake huunguzwa na asidi ile ile. Akilishwa tena baada ya siku mbili kwa sababu mwenyewe anamhurumia, hutapika tena, na kila mara anazidi kudhoofika. Nyoka aliyetoka kwenye yai majuzi, mwenye uzito wa gramu 6 hadi 10, hana akiba ya kustahimili mzunguko huo. Wapo wanaokufa katika miezi ya mwanzo kwa njia hii, na wenye nyoka husema tu kwamba alikuwa dhaifu. Mara nyingi udhaifu ulitengenezwa na mkono uliomlisha.

Watetezi wa milo mikubwa hukimbilia mfano wa chatu. Wameona picha za video za chatu akimeza swala, nao huhitimisha kuwa nyoka ni nyoka. Si kweli. Katika miaka ya 1990 wanasayansi Stephen Secor na Jared Diamond, wakiwa California, walichunguza chatu wa Burma na kuonyesha jinsi mwili wake unavyobadilika baada ya mlo mkubwa: utumbo huongezeka uzito, na matumizi ya nishati hupanda mara nyingi kupita kiwango cha mapumziko. Chatu ni mviziaji. Hukaa majuma, hata miezi, bila kula, huku utumbo wake ukiwa kama umezimwa, kisha huuwasha wote kwa ajili ya windo moja kubwa. Nyoka wa mahindi ni mtafutaji. Hutembea, hupanda miti, huingia mashimoni, na hula vitu vidogo mara kwa mara: panya, ndege, popo, na akiwa mchanga mijusi na vyura wa mitini. Mwili wake umeumbiwa mwendo huo. Kumlisha kwa ratiba ya chatu ni kumdai kazi asiyoumbiwa.

Na hata chatu ana mpaka wake. Mwaka 2005, katika Hifadhi ya Taifa ya Everglades huko Florida, alikutwa chatu wa Burma wa karibu mita 4 aliyejaribu kummeza mamba wa aina ya aligeta wa karibu mita 2. Wote wawili walikuwa wamekufa, na mwili wa chatu ulikuwa umepasuka. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia nzima. Mdomo wake ulikubali, lakini yaelekea mwili uliobaki ulikataa.

Lakini hatari isiyopigiwa kelele ni unene. Nyoka asiyetapika, anayepokea kila panya mkubwa apewaye, humfurahisha anayemfuga, na nyoka huzidi kujazwa. Mafuta hujikusanya tumboni, kisha ini nalo huingiliwa na mafuta. Dalili zinaonekana kwa anayetaka kuona: ngozi inachungulia katikati ya magamba hata siku ambazo nyoka hajala, mwili umekuwa mviringo kama bomba, mikunjo inajitokeza anapojipinda, na uvimbe unaonekana karibu na tundu la haja, mahali mkia unapoanzia. Majike hupata balaa la ziada. Wafugaji wazoefu wana kanuni yao: jike asipandishwe kabla hajafikisha miaka 3, futi 3 na gramu 300. Anayemnenepesha ili afikishe uzito mapema hupata mama mwenye mwili wa mafuta na mifupa ya kitoto. Mayai hukwama, na jike hufa nayo tumboni.

Haraka hii yote ni ya nini? Nyoka wa mahindi anayetunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, na wapo wanaopita hapo. Akichukua miaka mitatu kukomaa badala ya mmoja na nusu, mwenyewe amepoteza nini? Hakuna alichopoteza isipokuwa fahari ya kuwaonyesha wenzake nyoka mkubwa.

Sasa nitaje kipimo ninachokitetea: mizani. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Mpime nyoka akiwa hana chakula tumboni, kisha chagua windo lenye takriban asilimia 10 ya uzito wake. Mchanga anayekua anaweza kupewa hadi asilimia 15. Aliyekomaa asipite 10, na mara nyingi chini ya hapo humtosha. Nyoka wa gramu 8 apewe kitoto cha panya wa nyumbani aliyezaliwa karibuni, asiye na manyoya, wa gramu 1 hivi. Akifika gramu 40, kitoto cha gramu 4 hadi 6 kilichoanza kuota manyoya kinamfaa. Wa gramu 100 anastahili panya wa gramu 10 aliyefumbua macho na kuanza kurukaruka. Wa gramu 300 ameshafikia panya wa nyumbani mzima wa gramu 25 hadi 30, na wengi hawahitaji kitu kikubwa zaidi ya huyo maisha yao yote. Ratiba nayo ifuate mwili: mchanga kila baada ya siku 5 hadi 7, aliyekomaa kila baada ya siku 10 hadi 14.

Wengine watasema wana kipimo chepesi zaidi, unene wa kiwiliwili: windo lilingane na sehemu nene ya nyoka, au lizidi kidogo, lisipite mara moja na nusu. Kipimo hicho kinasaidia kama ukaguzi wa pili. Kikiachwa peke yake kina mtego. Nyoka aliyenenepa ana kiwiliwili kipana, kwa hiyo kipimo hicho kitamruhusu windo kubwa zaidi, naye atazidi kunenepa, na safari ijayo ataruhusiwa kubwa zaidi tena. Mizani nayo ina mtego kama huo endapo nyoka ameshanenepa, lakini angalau huandika namba zinazopanda, na mwenye macho ataona zinapanda haraka mno. Ama wanaochagua windo kwa umri wa nyoka, hao wanakisia tu. Nyoka wawili waliototolewa siku moja wanaweza kupishana uzito maradufu kabla ya mwaka kwisha.

Nisieleweke kwamba ninahimiza mawindo madogo bila mpaka. Kuna kosa la upande wa pili, la kumlisha nyoka mzima vitoto vya panya wasio na manyoya kwa kuogopa. Mifupa ya vitoto hivyo haijakomaa, na madini ya chokaa yaliyomo ni machache kuliko ya panya mzima. Windo linapaswa kukua pamoja na nyoka. Lakini pale mtu anapokuwa njia panda, nyoka amepita kidogo saizi moja na hajaifikia nyingine, ampe wawili wadogo badala ya mmoja mkubwa. Gramu ni zile zile, ila asidi hupata mahali pengi pa kushika na kazi huisha mapema. Haba na haba hujaza kibaba, na tumbo la nyoka huielewa methali hiyo kuliko wanavyoielewa wafugaji wengi.

Hoja mbili za upande wa pili zinastahili jibu. Ya kwanza inasema porini hakuna mizani. Ni kweli, na porini nyoka hukosa chakula kwa majuma, husafiri usiku kucha, hupanda na kushuka, huliwa na mwewe, na wengi hawafikishi nusu ya umri wa waliofugwa. Nyoka wa kizimbani hana pa kuutumia mlo uliozidi. Anayetaka kuiga pori aige yote, pamoja na njaa yake, au aache kulitumia kama kisingizio.

Ya pili inasema nyoka mwenyewe bado anataka: amemeza, na bado anatoa ulimi na kujongea mlangoni. Nyoka wa mahindi ni mlafi kwa maumbile. Akiona kinachotembea na chenye harufu ya panya, hurukia. Tamaa hiyo ilimfaa mababu zake wasiojua kama kesho watakula. Nyumbani, ambako chakula kimo kwenye friza muda wote, haimwambii mtu lolote kuhusu mahitaji. Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mwenye kushika kibano cha kulishia ndiye anayetakiwa kuwa na akili ya kusimama katikati.

Nyoka akitapika pamoja na kulishwa kwa kipimo na kuwekewa joto sahihi, hapo pana ugonjwa, na apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kuna kimelea kiitwacho Cryptosporidium serpentis kinachoshambulia tumbo la nyoka, na hakitibiwi kwa kubadilisha saizi ya panya. Lakini ikiwa ametapika mara moja kwa sababu ya mlo mkubwa, aachwe siku 10 hadi 14, kisha apewe windo la nusu ya kiasi cha kawaida, na asishikwe mpaka saa 48 zipite.

Uingereza, sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inamtaka kila mwenye mnyama amtimizie haja ya chakula kinachofaa, na nyoka wa kufugwa hakuachwa nje ya sheria hiyo. Mahali ambapo sheria haimtaji, dhamiri inatosha. Nyoka halii. Hawezi kumwambia mtu kwamba jana alizidishiwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una nyoka wa mahindi nyumbani, au mwanao anaye, nunua mizani kabla ya kununua panya. Andika uzito wake kila mwezi. Na muuzaji akikwambia umpe kikubwa kwa sababu atakimeza tu, usimsikilize. Kumeza atameza, gharama ya kumeza huko ataibeba yeye peke yake.