Yataisha Akikua, Wanatuambia

Sisi wenye makengeza, na sisi tuliozaa watoto wenye makengeza, tumechoka. Tukimwambia konda "shusha", anageuka kutafuta tunaongea na nani. Msimamizi wa mtihani anamfokea binti yetu eti anachungulia karatasi ya jirani, kumbe mtoto wa watu anasoma swali lake mwenyewe. Mpiga picha za pasipoti anasema "angalia hapa", nasi tumeangalia hapo hapo tangu alipowasha kamera. Mtaani jina tulilopewa na wazazi lilishasahaulika, tunaitwa Kengeza.

Hayo tungeyavumilia. Kinachotukera ni ushauri. Mtoto wa miezi miwili macho yakipishana mara moja moja, sawa, bado hayajazoea kwenda pamoja. Lakini mtoto ana mwaka mzima, jicho limelalia puani kutwa, bibi anasema yataisha akikua, jirani anasema mama alimcheka mtu wakati wa ujauzito, na kliniki (hapa ndipo hasira yetu ilipo) mtoto anapimwa kilo, kadi inaandikwa, anaitwa mwingine. Macho hayakutazamwa na mtu.

Sasa sisi tunasubiri akue, na ubongo wake hausubiri. Ukiletewa picha mbili zisizolingana, unashika moja na kuipuuza ya pili. Jicho linalopuuzwa linakuwa jicho vivu: ukilitazama ni zima kabisa, lakini halioni vizuri hata ukilivalisha miwani. Mtoto akiwa mdogo huzibwa lile jicho bora kwa plasta saa kadhaa kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Akishavuka miaka saba hivi, kulizindua kunazidi kuwa kugumu. Haya wengi wetu tumeelezwa mtoto akiwa darasa la nne. Asanteni sana.

Na huo uchunguzi wa mwanzo, jamani, ni tochi! Unammulika mtoto usoni, unaangalia ile nukta ya mwanga kama imekaa mahali pamoja kwenye mboni zote mbili. Kisha unaziba jicho moja kwa kiganja na kutazama kama la pili linasogea ili likishike kitu anachokiangalia. Hapo hapo unawatambua pia wale ambao hawana tatizo, ila daraja la pua ni pana tu na macho yanaonekana kama yamepinda. Ukiona weupe ndani ya mboni, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani. Ni zahanati gani haina simu yenye tochi?

Yaliyobaki ndiyo ya mtaalamu: matone ya kupanua mboni, kisha kupima miwani. Wapo watoto ambao macho yao yanajikaza mno ili waone karibu, na kule kujikaza ndiko kunakoyavuta ndani. Hao miwani peke yake huweza kuyanyoosha. Wengine wameirithi hali hii ukoo mzima, na wengine watahitaji upasuaji.

Wakubwa nao wana yao. Baba anaamka anaona milango miwili penye mmoja, anaambiwa ni uchovu, au amerogwa. Mtu mzima akianza ghafla kuona viwiliviwili, huenda ni kiharusi, kisukari kilichogusa mishipa ya fahamu, tezi ya shingo, au kichwa kilichogongwa kwenye ajali ya bodaboda. Panadol haitibu hata kimoja.

Halafu tukifika kwenye dirisha la bima, karani anasema upasuaji wa makengeza ni urembo. Urembo! Wanja ndio urembo. Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza, na ikivutana vibaya mtu anavuka barabara huku akiona magari mawili, asijue la kukimbia ni lipi. Karani atuambie huo ni urembo wa harusi gani.